Suruali Iliyofuka Westlands

Vocha ilikuwa ya mke wangu. Aliishinda kwenye bahati nasibu ya sherehe ya ofisini kwao, nayo iliandikwa kwa wino wa dhahabu: chakula cha jioni cha watu watatu, hadi shilingi 15,000, katika mgahawa wa kisasa wa Kijapani ulioko Westlands, juu ya ghorofa. Kwetu South B watu wazima ni wawili. Wa tatu tulikuwa bado tunamtafuta, Mwenyezi Mungu akamleta Mjomba.

Mjomba ni nahodha mstaafu wa Vanga, kule mwisho wa Kenya ambako ukipiga chafya wa upande wa Tanzania ndio wanaokuombea rehema. Alikuja kwa treni ya SGR kupimwa macho, akiwa na kanzu yake, kofia yake ya vito, na maoni yake. Asubuhi ya siku hiyo daktari alimtia yale matone ya kupanua mboni, kwa hiyo vitu vya karibu alikuwa akiviona kwa ukungu. Likumbukeni jambo hilo, maana mke wangu mpaka leo hataki kulizingatia.

"Mjomba, leo tunakupeleka kula samaki," nikamwambia.

Akanielekezea uso, japo kidogo alikosea upande. "Mpwa wangu, nimetoka Vanga nije Nairobi kula samaki?"

"Wa Kijapani, Mjomba."

Habari ya kupikwa au kutopikwa sikuigusa. Mambo mengine mtu huyajulia mezani.

Ilikuwa Julai, mwezi ambao Nairobi jua huchungulia saa nane mchana na kurudi kulala. Na mgahawa wenyewe, bwana, umejifanya ufuo. Juu ya paa wamemwaga mchanga mweupe, wakasimamisha minazi ya plastiki, wakatundika taa za karatasi chini ya miavuli ya makuti. Bahari iko karibu kilomita 480 kutoka hapo na karibu mita 1,700 chini, lakini mambo madogo kama hayo hayajawahi kumzuia mwekezaji. Mlangoni tukaambiwa tuvue viatu ili tuuhisi mchanga. Nikauhisi. Ulikuwa wa baridi mpaka kwenye magoti.

Mjomba hakuvua kwanza. Aliinama, akachota kidogo, akausugua kwa vidole, akaunusa.

"Huu mmeutoa wapi?"

"Diani, mzee wangu," akasema msichana wa mapokezi.

"Wa Diani ni matumbawe yaliyosagika, huwa laini. Huu umetoka mtoni. Wa Machakos huu."

Msichana akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ni wa kwetu."

Tulipoingia, wapishi na wahudumu wote wakapaza sauti kwa pamoja: "Irasshaimase!" Ndivyo Wajapani wanavyomkaribisha mteja. Mjomba, mtu wa adabu zake, akainua mkono na kujibu kwa sauti ya kuita jahazi: "Wa alaykumu s-salaam!" Watu wa meza ya dirishani wakageuka. Mimi nikageuka pia, nikatazama mnazi wa plastiki kana kwamba ndio uliojibu.

Tukaketishwa kwenye mito, chini, meza iko usawa wa magoti. Vikaletwa vitambaa vya moto vilivyokunjwa vizuri vya kupangusia mikono. Mke wangu akajipangusa, nami nikajipangusa. Mjomba akakirudisha chake kwenye kisahani. "Mkono wa kulia chakula haufutwi, huoshwa. Bomba liko wapi?" Akaelekezwa chooni, akaenda.

Hakurudi. Mke wangu alishaisoma menyu yote, akaanza upya kutoka mwisho. "Hebu nenda umwangalie Mjomba."

Nilimkuta amesimama katika mlango wa choo cha mwisho, uso unang'aa kwa furaha. "Njoo, njoo uone akili za watu! Miaka yote hii Nairobi mnajipangusa kwa makaratasi, na mimi nasema hawa wamepatwa na nini. Wenzenu hawa wameweka maji. Ya moto! Na kiti chenyewe kina joto. Tia mkono."

Kwa wasiovijua, viti hivi viko katika nyumba nyingi huko Japani. Pembeni kuna paneli ya vitufe: cha maji ya nyuma, cha maji ya wanawake, cha kuongeza nguvu, cha upepo wa kukausha, na cha kusimamisha. Kimsingi ni salama. Ndani ya kiti mna kitambuzi, na maji hayarushwi mpaka kihisi kuna mtu ameketi. Waliokiunda walifikiria kila kitu isipokuwa nahodha wa Vanga ambaye, akitaka kumthibitishia mpwa wake kuwa kiti kina joto kweli, atakilazia kiganja chote cha mkono wa kushoto, akisimulia, huku wa kulia ukipapasa paneli.

Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya choo, nimeinama kusoma maandishi.

Kibomba kidogo kikatoka polepole, kwa heshima zote, kikatulia. Kisha kikanipiga.

"Zima, Mjomba!"

"Nazima!" Akabonyeza. Nguvu ikaongezeka.

"Hicho chekundu!"

"Kipi chekundu? Naona mawingu tu!" Akabonyeza kingine, kibomba kikaanza kwenda mbele na kurudi nyuma, kisije kikabakiza sehemu. Ningesogea kando, lakini nyuma yangu palikuwa na mlango, na mlango ule hufunguka kwa ndani. Mwishowe Mjomba akaondoa kiganja kwenye kiti ili ajishike kiuno kwa kicheko, na maji yakakatika yenyewe.

Shati lilikuwa na matone ya maji kidogo, hilo si neno. Suruali ndiyo. Nilivaa ya kitani, rangi ya malai, ile ambayo ikipata tone moja huonyesha ramani. Na ramani yenyewe ilikaa pale pale ambapo mtu mzima asingependa. Nikatoka nimeshikilia kitambaa mbele, Mjomba akinifuata na kuwaeleza watu njiani, bila kuulizwa, "Ni maji safi tu. Ya moto."

Nikaketi kwenye mto, mchanga wa Machakos ukanishika. Nilipoinuka kujikung'uta, nilikuwa nimepakwa kama maandazi yaliyoviringishwa kwenye sukari. Ndipo mhudumu mmoja aliponionea huruma. Akasema kule kwenye kaunta kuna jiko la mkaa, kuna joto, tuhamie huko nikauke. Tukahama, na shukrani nyingi. Hakusema neno jingine, na mtu aliyelowa hana tabia ya kuuliza masharti.

Kumbe kaunta ile ni ya omakase. Pale menyu haipo. Mpishi ndiye anayeamua ule nini na kwa mpangilio upi, na wewe kazi yako ni kufungua mdomo na, baadaye, pochi.

Mpishi alikuwa kijana mwenye kitambaa kichwani na sura ya kazi. Alikamua tonge la wali kwa vidole viwili, akalaza juu yake kipande cha samaki mwekundu, akakiweka mbele yetu bila kusema kitu. Mke wangu akachukua vijiti. Mimi nikachukua vijiti, tonge likanivunjikia njiani. Mjomba akalichukua kwa mkono, akalitazama karibu, akalitazama mbali.

"Hiki kibichi."

"Ndiyo, mzee."

"Jodari huyu. Amevuliwa lini?"

Mpishi akaeleza kuwa jodari wa namna hiyo hugandishwa katika majokofu ya nyuzi 60 chini ya sifuri, ili rangi isibadilike na vimelea vife. Mjomba akanigeukia. "Kwetu samaki akilala usiku mmoja tu, bei inashuka. Huyu amelala mpaka akaota." Lakini akatia mdomoni, akafumba macho, akatafuna. Sisi sote, pamoja na mpishi, tukasubiri.

"Wali wenu una siki."

"Siki, sukari na chumvi, mzee."

"Mvinyo je?"

"Humo hamna. Kwenye mchuzi wa kuchomea kuna mirin, nayo ni kilevi. Chakula chenu sitautia."

"Basi leta mwingine." Mpishi akamwinamia. Akasema mzee ndiye anayekula sawasawa, Tokyo watu wengi hula sushi, matonge kama haya, kwa mkono. Akanitazama mimi na vijiti vyangu na punje za wali zilizokuwa zimefika mpaka kwenye kikombe cha chai. Sikujibu. Wakati huo joto la mkaa lilikuwa limeanza kazi, na suruali yangu ilikuwa ikifuka. Mvuke wa kweli, unapanda taratibu mbele ya taa. Bibi mmoja aliyekaa kiti cha pili alimwita mhudumu na kumwomba naye aletewe kile kinachotoa moshi.

Najua mnasubiri niseme nilikula wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, nikidhani ni parachichi. Hapana. Hilo alilifanya bwana wa meza ya dirishani, yule aliyegeuka tulipoingia, na nilifarijika sana.

Kisha ikaja sahani ya moto, chapati nene ya kabeji, na juu yake vipande vyembamba vya rangi ya waridi vikicheza. Vinajikunja, vinajinyoosha. Mke wangu akasogeza kiti nyuma. Mjomba akainamisha pua.

"Ng'onda huyu."

"Katsuobushi," akasema mpishi. "Jodari mdogo. Anachemshwa, anafukizwa moshi, anakaushwa mpaka anakuwa mgumu kama mti, kisha anarandwa. Ni mvuke tu unaomchezesha."

"Nimesema ng'onda. Sisi hatumrandi, basi." Akamtazama kijana vizuri, kwa kadiri matone yalivyoruhusu. "Ulivyotamka jodari, wewe si mtu wa huku. Mwana wa nani?"

Mpishi akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema kwao ni Shimoni, pwani ile ile ya Vanga. Akataja baba yake, kisha babu yake.

Mjomba akaliweka tonge chini.

"Babu yako mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi."

"Mwaka wa 1998, baada ya mvua za El Niño, alikuja kwangu kuazima jarife, wavu wangu mkubwa wa kuvulia. Jipya. Akasema kaskazi ikiingia analirudisha. Kaskazi ngapi zimepita?"

Kisu kikasimama hewani. Mimi nilikuwa nimeshiba aibu, sikuwa na nafasi ya nyingine, ila mke wangu alikuwa ameegemeza kidevu kwenye kiganja na kusikiliza kwa raha kabisa. Kijana alijitetea kuwa yeye wakati ule alikuwa hajui hata kutembea. Mjomba akasema deni halitembei, hukaa pale pale. Kuanzia hapo vipande vilivyofika mbele ya Mjomba vilikuwa vinene kuliko vyetu. Pweza alikuja na mikono miwili zaidi. Na katika kumtuliza mzee, kijana akafanya kosa la kumsimulia habari ya soko la Toyosu, Tokyo: kwamba mnada wa kwanza wa mwaka 2019 jodari mmoja wa kilo 278 aliuzwa yeni milioni 333.6.

"Kwa shilingi?"

Mke wangu, ambaye ni mhasibu, akapiga hesabu kwenye simu. Kwa pesa za mwaka ule, zaidi ya milioni moja kwa kilo.

Mjomba alinyamaza. Mpishi akaharakisha kueleza kuwa yule ni jodari wa bahari za kaskazini, siye huyu wetu, na kwamba mnada wa Mwaka Mpya ni wa kujionyesha, watu hulipa ili watajwe magazetini. Sidhani kama Mjomba alisikia hata neno moja.

Bili ilikuja ndani ya kijisanduku cha mbao. Shilingi 34,500, na VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2 vimeonyeshwa vizuri, kama kwamba ndivyo vilivyonisumbua. Mke wangu akatoa vocha. Meneja akaisoma pande zote mbili, akatabasamu: vocha ni ya mezani, haitumiki kaunta. Nikamweleza jinsi tulivyofika kaunta. Akaitazama suruali yangu, iliyokuwa imekauka na kubaki na mstari wa mchanga wa Machakos, akasema pole sana.

Aliyetuokoa ni mpishi. Alimnong'oneza meneja kuwa yule mzee ni babu yake wa Pwani, na jamaa wa wafanyakazi wana punguzo la asilimia 30. Mjomba akaambiwa athibitishe. Akasema, "Huyu ni damu yangu, na jarife langu liko kwao," maneno ambayo meneja hakuyaelewa lakini aliyakubali. Iliyobaki nililipa kwa M-Pesa, na pale ilipoishia M-Pesa ukaendelea mkopo wa Fuliza.

Vocha bado tunayo. Mke wangu ameshamwalika mama yake.

Mjomba alirudi Vanga macho yakiwa mazuri. Juzi nikapigiwa simu na namba nisiyoijua, mtu anapumua kwa hasira. Akajitambulisha kuwa ndiye mchuuzi anayenunua jodari pale bandarini, kwa shilingi 350 kilo.

"Wewe ndiwe uliyempeleka huyu mzee kwa Wajapani?"

"Kwani kuna nini?"

"Wavuvi wote wamekaa juu ya samaki wao. Wanasema hawauzi mpaka nizungumze na Tokyo."

Nyuma yake nikamsikia Mjomba akipaza sauti, "Muulize mpwa wangu, mkewe alipiga hesabu!"