Mchango wa Kifalme

Mnaolalamikia michango ya harusi, njooni tukae hapa. Mimi simu ikilia tu tumbo linaunguruma, maana najua ni mwenyekiti wa kamati: "Ndugu mjumbe, tunakukumbusha ahadi yako." Ahadi ipi? Niliingizwa kwenye kundi nikiwa nimelala! Basi juzi nikakuta video ya zamani, watoto wa Malkia Elizabeth wanachangisha hela kwenye runinga. Nikasema ngoja nione wakubwa wanaombaje.

Ni Juni 1987, Alton Towers, bustani ya burudani huko Uingereza. Mwanamfalme Edward, yule kitinda mimba, ametoka kuacha mafunzo ya Royal Marines, wale makomando wa majini, miezi michache tu, kapata wazo: mashindano ya vituko, kuanguka majini, timu nne, kila timu na shirika lake la hisani. Makapteni ni yeye, dada yake Anne, kaka yake Andrew na shemeji Sarah, wamevalia mavazi ya enzi za mababu. Charles na Diana hawakutia mguu. Waliona mbali hao.

Sasa hapa ndipo nilipochemka. Makapteni hawachezi! Wao wako pembeni wanapiga kelele. Wanaogaragazwa ni wageni waalikwa: mwanamuziki Meat Loaf, Gary Lineker, mfungaji bora wa Kombe la Dunia la 1986, hata Christopher Reeve, Superman mzima, mtu tuliyezoea kumwona akipaa! Watu wazima na majina yao wanarushiana mapaja bandia ya nguruwe, wakubwa wanawahimiza. Kazini kwetu siku ya usafi ni hivyohivyo: bosi kipaza sauti, sisi mafagio.

Hela zilipatikana, sikatai. Zaidi ya pauni milioni 1, na timu ya Anne ndiyo iliyoshinda. Ila Edward hakuridhika na hela, alitaka na sifa. Kaenda kwa waandishi wa habari, kawauliza kama wamefurahi. Wakamcheka. Kijana wa miaka 23 akasusa, huyoo, akatoka!

Mnadhani aliikimbia runinga? Wapi! Mwaka 1993 akafungua kampuni yake ya kutengeneza vipindi. Mwenzangu na mimi, ukiteleza tu ukumbini na sahani ya pilau mkononi, mwaka mzima unapita njia ya nyuma kwenda dukani.