Mazishi ya Tairi la Akiba

Mimi ni mke mdogo. Mke mkubwa ni Land Rover 110 ya mwaka 1994, ambaye analala ndani ya geti chini ya turubai, na akikohoa asubuhi baba watoto anatoka na taulo kiunoni kwenda kumsikiliza kifua. Mimi nikikohoa naambiwa ninywe maji.

Kwa hiyo klabu yao ya magari ya foo-wili, yale yanayoweza kusukumwa na magurudumu yote manne, ilipotangaza kwamba safari ya mwisho wa wiki kwenda Ziwa Natron ni ya familia, nilifunga begi mapema kabla mtu hajaghairi. Nilitaka nione kwa macho yangu hela ya ada huwa inakwenda kufanya nini huko porini.

Ijumaa usiku kulikuwa na kikao cha usalama pale Arusha. Mwenyekiti, mwenye Land Cruiser ambayo imefungwa kila kinachoweza kufungwa kwenye gari, alitufundisha kwa muda mrefu hadi chipsi zikapoa. Upepo wa matairi: 35 kwenye lami, 18 kwenye mchanga. Winchi, ile mashine ya kuvutia gari kwa waya: ni marufuku kuruka waya ukiwa umekazwa. Redio za mkononi: kila anayezungumza amalizie na neno "ova", ili wengine wajue amemaliza. Hilo la mwisho lilipokelewa kwa moyo wote. Kesho yake tukiwa Mto wa Mbu, meza moja, sahani moja ya nyama, mwanachama mmoja tunayemwita Dokta alimwambia mwenzake aliyekaa naye bega kwa bega, "Nipitishie chumvi, ova."

Jumamosi sina neno nayo. Ukiiacha lami pale Mto wa Mbu na kushika njia ya Engaruka, unakula vumbi la majivu ya volkano mpaka meno yanalia, na kila baada ya muda unakutana na kizuizi na kijana mwenye kitabu cha risiti. Ol Doinyo Lengai tuliuona, umesimama peke yake, ule mlima ambao lava yake hutoka nyeusi kisha ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Heroe tuliwaona pia, wengi mno, utepe wa waridi kule mbali majini. Nilisema, "Mashallah." Baba watoto alisema, "Umesikia difu ya nyuma inavyolia?"

Kisa chenyewe ni cha Jumapili, tukirudi.

Mwenyekiti aliona barabara imekuwa laini kupita kiasi. Mtu hawezi kubeba winchi, majembe na jeki ndefu kutoka Arusha akaja kurudi navyo safi. Akaamuru kwa redio tuache njia, tukate korongo kavu lililokuwa kushoto kwetu. "Nifuateni kwa nafasi, ova." Akashuka ukingo kwa madaha, akafika katikati ya mchanga, akasimama. Hakusimama kwa kupenda. Akapiga resi, mchanga ukaruka nyuma, gari likakaa chini taratibu hadi bampa ikagusa ardhi.

Baba watoto akaona fursa ya maisha yake: kumwokoa Mwenyekiti. Akateremka, akampita kwa pembeni ili akae mbele yake amvute, naye akazama hadi chasisi, magurudumu yote manne yakizungukia hewani. Dokta alibaki juu ukingoni na gari lake. Akasema lazima mtu mmoja asalie mzima wa kupeleka habari. Ova.

Mimi nilishuka nikasogea kando. Mwenyekiti alikuwa anapiga resi tena, na kila mtu anayatazama magurudumu ya nyuma yanavyochimba. Kwa kuwa sikupewa kazi, nilitazama ya mbele.

"Shemeji," nikamwambia, "mbona haya ya mbele hayazunguki?"

"Shemeji yangu, hayo ni mambo ya kitaalamu. Kaa kivulini, jua kali."

Kivuli hakikuwepo. Nikakaa juani.

Uamuzi ukawa kutumia winchi. Sasa winchi inahitaji kitu cha kushikia, na mti wa karibu ulikuwa mgunga mmoja ambao waya haukuufikia hata nusu ya safari. Hapo ndipo Mwenyekiti alipotoa elimu ya kikao cha Ijumaa: unazika tairi la akiba ardhini, unafunga waya kwenye tairi, gari linajivuta lenyewe. La kwake lilikuwa limefungwa chini ya gari, chini ya mchanga. La kwetu lilikuwa limening'inia mlangoni nyuma, safi, jipya. Nalikumbuka vizuri tairi lile kwa sababu lilinunuliwa mwezi ambao mimi niliambiwa pazia zinaweza kusubiri.

Wakachimba. Katikati ya kuchimba nikahisi tunatazamwa. Mzee mmoja wa Kimaasai alikuwa amesimama ukingoni na fimbo yake, mguu mmoja ameuegemeza kwenye goti la pili, pembeni yake watoto watatu na mbwa. Watoto wakaamkia, "Shikamooni," na wanaume wakaitikia kwa kuhema, mabeleshi mkononi. Mzee akatazama shimo. Akatutazama sisi. Akatazama shimo tena.

"Poleni," akasema. "Amekufa nani?"

"Hapana, mzee, shikamoo. Tunazika tairi."

Mzee alinyamaza kwa heshima, akavua kofia yake.

Tairi likashushwa, likafukiwa, likashindiliwa kwa miguu. Winchi ikaanza kunguruma. Waya ukakaza. Udongo ukapasuka kidogo, ukapasuka tena, kisha tairi likatoka kaburini lote kwa mkupuo na kuja mbio juu ya mchanga kumfuata Mwenyekiti, ambaye alisahau sheria yake mwenyewe na kuuruka waya. Watoto walikimbia hadi nusu ya uwanda. Mbwa hakurudi kabisa.

"Kaburi lenu fupi," alisema mzee.

La pili lilichimbwa refu, mzee akielekeza kwa fimbo. Safari hii marehemu alitulia. Lakini winchi ilivuta, ikavuta, ikaanza kutoa harufu ya waya unaoungua, na moshi mwembamba ukapanda. Ikazimwa. Mzee akanyoosha fimbo kuelekea milima ya upande wa Ngorongoro, ambako wingu jeusi lilikuwa limeketi.

"Kule juu inanyesha," akasema. "Maji yanapita hapa mlipo."

Hakuna aliyesema ova.

Ndipo tukasikia honi. Noah ya abiria, ikitoka mnadani, imejaa watu mpaka konda ametoa nusu ya mwili nje, kuku juu ya keria. Ilikata korongo lile lile, hatua chache chini yetu, mahali penye mwamba, bila hata kupunguza mwendo. Ikasimama ng'ambo. Dereva, kijana wa ndala, akaja anatafuna muwa.

Hakuuliza kitu. Alizunguka Land Cruiser mara moja, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akafuta vumbi kwa kidole gumba kwenye kile kifungio cha katikati, akatazama kishale chake. Akaenda upande wa pili akafanya hivyo hivyo.

"Bosi, hii foo-wili hujaifunga huku nje. Ulikuwa unasukumwa na mawili tu ya nyuma."

Akazungusha, tki, akazungusha upande wa pili, tki. Konda akapiga mbinja, Noah nzima ikashuka ikaja kusukuma, akina mama na kanga zao mbele kuliko wote. Land Cruiser ilitoka kwa sukumo la kwanza. Ikafungiwa kamba, ikamng'oa mke mwenzangu kutoka mchangani, na sote tukapanda ukingo mbio, kwa sababu mzee alikuwa ameacha kutania na anapunga fimbo. Haukupita muda maji yakaja: kwanza povu la kahawia limebeba vijiti na mavi ya mbuzi, nyuma yake mto mzima. Hapo tuliposimama, mvua haikudondosha hata tone.

Mimi sikusema kitu. Nilimtazama tu Mwenyekiti, naye akapata kazi ya ghafla ya kukunja kamba.

Dereva wa Noah alikataa hela. Alichotaka ni tumpunguzie mzigo hadi Mto wa Mbu, kwa hiyo siti zetu za nyuma wakakaa bibi wawili, beberu mmoja, na kijana wa kumshika beberu. Tulikwenda vizuri hadi kupita Engaruka. Kisha ukasikika mlio ambao kila mwenye gari anaujua: fsssss. Mwiba wa mgunga, pembeni ya tairi.

Baba watoto akashuka akiimba. Pancha ni kitu anachokiweza. Akatoa jeki, akatoa spana, akazunguka nyuma kwenye mlango, na wimbo ukakatika.

"Tairi liko wapi?"

Bibi mmoja ndiye aliyemjibu, kwa upole, kupitia dirishani. "Baba, si mmelizika?"

La Mwenyekiti halikulingana tundu na letu. Noah ikatukuta pale pale, ikawachukua tena wazee wake na beberu wao, ikaondoka na honi ndefu kuliko ilivyohitajika. Dokta ndiye aliyebeba tairi letu kupeleka kwa fundi Mto wa Mbu, na tukafika Arusha usiku wa manane. Kwenye ripoti ya klabu Mwenyekiti aliandika kwamba "zoezi la uokoaji lilifanyika kwa mafanikio kwa ushirikiano na jamii".

Siku kadhaa baadaye simu ya baba watoto ikalia. Ni yule mzee, walipeana namba. Maji yamekauka, akasema, na vijana wamemfukua marehemu wenu. Hawakujua kama mtarudi, kwa hiyo wamemkata katambuga, ngumu, za kudumu. Zimebaki jozi chache. Je, mnahitaji?

Baba watoto aliweka simu kifuani, akakaa muda mrefu. Kisha akampigia Mwenyekiti kumuuliza anavaa namba ngapi.