Baiskeli, ramani na bando lililokwisha

Waendesha baiskeli wengi hapa Dar es Salaam wanaamini kwamba bando likiisha, ramani ya simu nayo imekufa. Nimewasikia wakiahirisha safari ya Pugu kwa sababu hiyo tu, na inaniuma, maana si kweli.

Simu hujua ilipo kwa mawimbi ya setilaiti, nayo haitumi chochote huko, inasikiliza tu. Setilaiti za GPS, mali ya Marekani, zinazunguka takriban kilomita 20,200 juu yetu, na mawimbi yake hayalipiwi. Kinachokula bando ni ramani yenyewe. Ukiipakua mapema penye waifai, alama yako itaendelea kutembea barabarani hata data ikiwa imezimwa.

Wanaopinga wana hoja zao. Bila intaneti simu huchelewa kujitambua ilipo, kwa sababu taarifa za mizunguko ya setilaiti inabidi izipokee kutoka angani kwenyewe, polepole. Ikiwa imezimwa siku nyingi, inaweza kuchukua dakika kadhaa. Kariakoo, katikati ya maghorofa yaliyobanana, mawimbi hugonga kuta na alama ikahamia mtaa wa pili. Dawa ni kuiwasha mahali penye uwazi na kusubiri itulie kabla ya kukanyaga pedali.

Programu nazo hazilingani. Google Maps ikiwa nje ya mtandao hukupa njia ya gari, si ya baiskeli, nawe utajikuta Morogoro Road ukibanana na malori. Organic Maps na OsmAnd hupanga njia ya baiskeli ndani ya simu yenyewe, zikitumia OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Hapo Dar tuna bahati: kupitia mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walichora kata zinazokumbwa na mafuriko, Tandale ikiwemo, hadi mifereji na vichochoro. Kazi ile naithamini sana.

Ila ramani iliyopakuliwa haijui kilichotokea asubuhi ya leo. Masika moja nilikuwa natoka Mbezi kuelekea Kinyerezi, simu ikinielekeza kwenye njia ya vumbi. Mama muuza vitumbua akanipungia mkono: "Kaka, huko kumekatika, rudi upite juu." Nilisogea kuchungulia. Njia ilikuwa imemegwa na maji, matope mekundu yakiporomoka bado, na mshale wa simu ulikuwa umeelekea pale pale. Bonde la Jangwani nalo, mvua ikikaza, hufurika; mwenye data anaweza kupata habari za maji kabla hajafika. Asiye nayo atayakuta.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kiangazi, zima data bila woga, uokoe na chaji. Masika, beba bando dogo, uliwashe kabla ya kila bonde. Na miezi yote, acha salio la kupiga simu, kwa sababu GPS itakuonyesha wewe ulipo, lakini nyumbani hawatajua mpaka uwaambie.