Simu Yangu, Apu Zao

Jamani, atakayeniambia simu ni mali ya aliyeinunua nitamcheka hadharani. Risiti ina jina langu, hilo sibishi. Boksi liliandikwa nafasi ya gigabaiti 8. Nikaiwasha, na kabla hata sijaingiza namba ya mama, zaidi ya nusu imeshaliwa. Imeliwa na nani? Na mfumo wa simu wenyewe, pamoja na apu ambazo hakuna aliyeziita: ya bei za hisa, ya mchezo wa gofu wa kujaribu, ya kuhesabu hatua, duka la mandhari, na dira ambayo kila ukigeuka inabadilisha mawazo kuhusu kaskazini.

Mimi hisa sina. Hata ya kusingiziwa. Lakini asubuhi sijanawa uso, simu inalia, moyo unanipasuka nikidhani kuna msiba. Kumbe soko limeshuka. Lishuke! Kwani nilipandisha mimi?

Basi ingia kwenye mipangilio uifute, si ndiyo? Kitufe cha kuondoa hakipo. Kuna cha "Zima", nacho kimefifia. Kibonyeze kwa kidole gumba mpaka ukucha uwe mweupe, wala hakishtuki. Zile zinazokubali kuzimwa zinakubali kwa vitisho: ukizima hii, programu nyingine huenda zisifanye kazi inavyotakiwa. Gofu hiyo! Nikaizima. Simu inapiga, inapokea, na redio inaimba.

Furaha yenyewe ikawa fupi, maana kuzima si kufuta. Apu hizi kiwanda kimeziweka kwenye sehemu ya mfumo, ambako wewe mwenye simu huruhusiwi kuandika wala kufuta. Ukizizima zinanyamaza na haziendelei kula bando, ila nafasi waliyojikatia ni yao. Unachookoa ni nafasi ya masasisho na data zilizorundikana juu yake. Hata ukimpata kijana wa kompyuta akaziondoa kwa amri zake, zinatoweka machoni pako tu. Faili limebaki kulekule. Halafu ukijichanganya ukairudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, picha zako, meseji zako, vyote kwisha, na gofu hiyoo, inarudi na afya tele.

Umoja wa Ulaya wamechoka mpaka wakatunga sheria ya masoko ya kidijitali mwaka 2022. Tangu Machi 2024 makampuni makubwa yanayoguswa na sheria hiyo yanapaswa kumrahisishia mtu kuondoa apu zilizokuja na kifaa, isipokuwa zile ambazo mfumo hauendi bila hizo. Hongera kwao. Simu yangu masasisho iliacha kupata zamani. Habari za 2024 itazisikia wapi?

Lakini hayo yote nayasamehe. Nisiyoisamehe ni apu ya kusafisha simu. Nayo ilikuja na simu, nayo haifutiki. Kazi yake ni kunitangazia kwamba simu imejaa, utadhani mimi ndiye niliyeijaza. Nikiigusa inazungusha duara, asilimia zinapanda taratibu, nami nimekodoa macho kama nasubiri matokeo ya mtihani. Duara likijaa, linakuja tangazo. La nini? La apu nyingine ya kusafisha simu!

Nikilifunga tangazo (ile alama ya kufungia ni ndogo kuliko punje ya mchanga, ukikosea kidogo umeshapelekwa dukani), ndipo inanipa orodha ya vitu "usivyovihitaji". Cha kwanza, picha za harusi ya dada yangu. Cha pili, sauti ya bibi, ile anayokohoa kwanza, anamfokea kuku, ndipo anasalimia. Hizo ndizo takataka! Nikashuka na orodha mpaka mwisho nikitafuta hisa, nikitafuta dira, nikaitafuta yenyewe. Wapi! Imejisahau.

Nikapunguza vyangu, nifanyeje, maana apu ya kuchati ilikuwa inadai sasisho na nafasi hakuna. Picha za harusi zimebaki tatu, na katika zote bwana harusi amefumba macho.

Jana umeme umekatika. Nafungua tochi, nayo ya kiwandani vilevile, inanisimamisha: ruhusu kwanza nione majina ya watu wako. Nikikataa, haiwaki. Sasa tochi, nakuuliza humuhumu gizani, unataka kumpigia nani?