Kinjikitile, Einstein na Mwaka 1905

Ukitafuta mwaka 1905 kwenye intaneti, wa kwanza kukupokea ni Albert Einstein. Ana haki yake. Kijana wa miaka 26 aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi, alitoa ndani ya mwaka mmoja makala nne zilizobadili tunavyoelewa mwanga, atomu, muda na nishati. Baada yake utaona Urusi ikichafuka, Japani ikiishinda Urusi baharini, Norwei ikijitenga na Sweden. Afrika, ikitajwa kabisa, hupewa mstari mmoja juu ya Vita vya Maji Maji: waasi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani waliamini maji yangezuia risasi, wakafa.

Mstari huo unaniudhi kila ninapoukuta, na unaniudhi zaidi ninapousikia kwa Mtanzania mwenzangu. Nitaeleza kwa nini, na nitaanzia mbali kidogo, Urusi.

Tarehe 22 Januari 1905, wafanyakazi wa St Petersburg waliandamana na wake zao na watoto wao kuelekea kasri la Tsar Nicholas wa Pili. Aliyewaongoza alikuwa padri, Georgy Gapon. Walibeba sanamu za watakatifu, walibeba picha za Tsar mwenyewe, waliimba nyimbo za kanisani. Waliamini kwamba mfalme wao ni baba, na baba akiona watoto wake wamekuja na watakatifu hawezi kuwapiga. Askari waliwamiminia risasi. Siku ile inaitwa Jumapili ya Damu, na mwaka mzima uliofuata migomo ilienea, mabaharia wa meli ya Potemkin wakaasi, na mwezi Oktoba Tsar akalazimika kuahidi bunge.

Sijawahi kuona kitabu kinachofundisha kwamba watu wa St Petersburg walikuwa washirikina waliodhani picha takatifu zinazuia risasi. Vitabu vinasema walikuwa na njaa, walifanya kazi saa nyingi kwa malipo duni, hawakuwa na sauti, na imani yao iliwapa ujasiri wa kutoka nje kwa pamoja. Huko kunaitwa kuelewa historia. Ninachodai ni kwamba watu wa Matumbi, walioanzisha Maji Maji, wapewe ufahamu uleule.

Kule Matumbi, kusini mwa mto Rufiji, serikali ya Gavana Gustav Adolf von Götzen ilikuwa imelazimisha mashamba ya pamba ya pamoja. Watu waliitwa kulima chini ya jumbe na akida, wasimamizi wa serikali, kiboko kikiwa mgongoni, wakati mashamba yao ya chakula yakiliwa na nguruwe. Fedha iliyopatikana iligawanywa kwa namna ambayo mkulima aliondoka na malipo ambayo wengi waliona ni matusi. Juu ya hapo palikuwa na kodi, na kodi ilidaiwa kwa rupia. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, watu waling'oa miche ya pamba ya serikali. Tazama walichokigusa kwanza. Walianza na pamba, kitu chenyewe kilichokuwa kikiwamaliza. Ni kitendo cha watu wanaojua hasa wanachokikataa.

Na Kinjikitile Ngwale? Huyu alikuwa mganga wa Ngarambe. Masimulizi ya wazee yanasema mwaka 1904 alipandwa na pepo Hongo, akazama katika kidimbwi cha mto, akatoka siku ya pili nguo zikiwa kavu. Watu walisafiri kwa makundi kwenda kwake, wakapewa dawa ya maji, mtama na nyonyo. Lakini sikiliza alichowafundisha zaidi ya dawa: kwamba wote ni wamoja, kwamba mtu wa ukoo huu na wa ukoo ule wana adui mmoja. Habari zake zilipita kwa kunong'onezana, mtu kwa mtu, katika mtandao wa siri ambao Wamatumbi waliuita njwiywila. Wazee walisimulia pia kwamba aliwaambia wasubiri mpaka atoe amri. Wakachoka kusubiri.

Vita vilienea hadi kwa Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni na wengine, watu wasio na mfalme mmoja wala lugha moja ya nyumbani. Hakuna chama wala jeshi lolote lililowahi kuwaunganisha watu wengi namna ile katika nchi hii kabla ya hapo. Tarehe 30 Agosti maelfu waliivamia boma ya Mahenge wakakutana na bombomu, yaani bunduki za rashasha. Waliokufa siku ile walikufa vibaya, na imani katika dawa ilianza kutetereka. Hata hivyo vita viliendelea. Wapo waliopigana miezi mingi baadaye kwa kuvizia msituni, bila kutegemea dawa tena. Kama ushirikina ndio uliowapeleka vitani, basi Mahenge ingekuwa mwisho. Haikuwa.

Kilichowamaliza ni njaa, nayo ilipangwa. Makamanda wa Kijerumani waliamua kuchoma vijiji, kuharibu mazao shambani na kuteketeza maghala, kwa sababu waliona risasi peke yake haitoshi. Makadirio ya serikali ya Kijerumani yalikuwa watu 75,000; wanahistoria wa baadaye wamefikisha hadi 250,000 na 300,000. Upande wa wakoloni Wazungu waliouawa walikuwa 15. Sehemu kubwa ya nchi ile ilibaki pori, tembo na mbung'o wakachukua mahali pa watu, na watalii wanaokwenda hifadhi ya Selous leo wanapita juu ya ardhi iliyowahi kuwa na vijiji.

Kinjikitile hakuyaona hayo. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga.

Wiki saba kabla yake, tarehe 14 Juni, Hamed bin Muhammed el Murjebi alifariki Unguja, nyumbani kwake. Ni yule ambaye dunia inamwita Tippu Tip. Alifanya biashara ya pembe za ndovu na watumwa mpaka ndani ya Kongo, akatawala eneo kubwa kuliko nchi nyingi za Ulaya, akaelewana na Wazungu walipomhitaji. Alikufa mzee, na kabla ya kufa aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kazi iliyochapishwa na Mjerumani Heinrich Brode. Ni hazina ya lugha yetu, na ninaisoma kwa heshima ya lugha hiyo. Lakini inanipa uchungu kwamba kati ya watu wawili waliotoka duniani katika majira yaleyale, aliyefunga watu minyororo ametuachia kitabu kizima, na aliyewaambia watu ni wamoja hatuna hata barua yake. Maneno ya Kinjikitile tunayapata kwa sababu mwaka 1968 wanafunzi wa Dar es Salaam walirudi vijijini kwao kuwauliza wazee waliokuwa bado hai. Kama wasingekwenda, tungekuwa na ripoti za maofisa waliomnyonga tu.

Mwezi Oktoba wa mwaka huohuo ulikuwa mbaya kwa viongozi wa Kiafrika. Tarehe 19, katika vilima vya Nandi, Koitalel arap Samoei, Orkoiyot (kiongozi wa kiroho wa Wanandi) aliyewasumbua Waingereza na reli yao kwa miaka, alikwenda kukutana na ofisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen katika kikao kilichotangazwa kuwa cha amani. Alipigwa risasi palepale pamoja na waliofuatana naye. Siku kumi baadaye, tarehe 29, Hendrik Witbooi wa Wanama aliuawa vitani kule Namibia akiwa mzee, akipigana na Wajerumani walewale. Wawili hawa na Kinjikitile hawakujuana. Walikuwa mwaka mmoja wakikataa jambo moja.

Hata mashahidi wa upande wa pili walikuwepo. Pierre Savorgnan de Brazza, aliyeipatia Ufaransa Kongo yake, alitumwa mwaka 1905 kuchunguza ukatili uliokuwa ukifanyika huko, akakuta mambo ya kutisha, akafariki Dakar tarehe 14 Septemba akiwa njiani kurudi. Ripoti ilifungiwa. Novemba, tume iliyoundwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwenyewe ilichapisha matokeo yake kuhusu Kongo nyingine, ile ya mpira na mikono iliyokatwa, na ikashindwa kukanusha yaliyokuwa yakisemwa. Kwa hiyo asije mtu akasema enzi zile watu hawakujua. Walijua na waliandika. Robert Koch, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya tiba Desemba 1905, alikuwa katika koloni letu mwaka uleule akichunguza homa ya papasi. Sayansi ya Ulaya na kiboko cha Ulaya vilikuwa katika ardhi moja.

Nikirudi kwa Einstein, sina ugomvi naye. Watoto wetu wamsome, na wamsome vizuri. Ninachokataa ni kumweka yeye upande wa akili na Kinjikitile upande wa giza, kana kwamba mwaka mmoja ulikuwa na watu wa aina mbili. Julius Nyerere alilijua hili mapema. Mwaka 1956, mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa, alieleza kwamba watu walioinuka katika Maji Maji hawakusukumwa na hofu wala kiapo cha kishirikina, bali walikataa haki ya mgeni kuwatawala. Alikuwa anadai uhuru kwa kutaja vita vile, mbele ya dunia, wakati ambapo kuvitaja kwa fahari hakukuwa na faida kwa mtu anayetaka kuonekana mstaarabu.

Mjini Songea wanaadhimisha kila tarehe 27 Februari, siku waliponyongwa viongozi wa Kingoni mwaka 1906. Nduna Songea Mbano naye alinyongwa siku chache baadaye. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika pale akaomba msamaha, na wazao wa Songea Mbano wakamweleza juu ya kichwa cha babu yao kinachosemekana kupelekwa Ujerumani. Wakati huohuo, meli iliyopewa jina la Gavana von Götzen bado iko Ziwa Tanganyika. Tunaiita Liemba tangu mwaka 1927.

Msamaha wa Rais ni jambo kubwa na sitaki kuudharau. Lakini kuna kazi ambayo haimsubiri Mjerumani. Masimulizi yale ya mwaka 1968 yawekwe kwa Kiswahili mahali ambapo mwanafunzi wa Kilwa, Liwale au Mahenge anaweza kuyasoma kwenye simu yake bila kuomba kibali maktaba ya chuo kikuu. Na mtihani wa historia uache kumuuliza kwa nini Maji Maji ilishindwa kabla ya kumuuliza watu wa Nandete walikuwa wanalipwa kiasi gani kwa pamba yao.