Dizeli yao, hasara yangu

Kinachoniudhi zaidi si gari kuzima kwa dizeli yenye maji. Ni meneja wa sheli kuniambia, "Mzee, mbona wengine wamejaza hapa hapa na hawajalalamika?"

Limeanza kukohoa njia ya Kasulu, sijafika hata Kidahwe. Moshi mweupe, nguvu hakuna, kimya. Fundi akafungua filta, akamimina kilichokuwamo kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, akaiweka kivulini. Punde tu dizeli ikapanda juu, maji yakabaki chini, na mpaka kati yake umenyooka kama umepigwa rula.

Kuosha tanki na filta mpya, hayo madogo. Kilio ni pampu ya dizeli ya injini na nozeli zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Hizo hulainishwa na dizeli yenyewe. Zikipitisha maji, chuma kinasaga chuma. Na nozeli zenyewe hapa Kigoma sijazipata, naagiza Dar nisubiri basi.

Nimewapelekea chupa na risiti. Eti maji nimeweka mwenyewe! Halafu meneja ananitajia vinasaba, ile kemikali ya alama inayotiwa kwenye mafuta. Jamani, vinasaba ni vya kumnasa mchakachuaji na mkwepa kodi. Maji ya mvua yaliyopenya tanki la chini ya ardhi hayamo humo.

Ipo dawa ya kupaka kwenye kijiti cha kupimia tanki, ikigusa maji inabadilika rangi. Nikamwomba apime mbele yangu. Kijiti, kasema, kafungia bosi, na bosi kasafiri.