Netscape haikujiua yenyewe
Mwandishi wa makala hii anasema Netscape, kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) cha miaka ya 1990, ilikufa kwa sababu Internet Explorer ya Microsoft ilikuwa bora. Hapo kaacha nusu ya habari. Toleo la 4 la Explorer, la 1997, sawa, lilikuwa zuri, sibishi. Lakini ukiwasha Windows uliikuta ile "e" ya buluu, alama ya Explorer, tayari inakusubiri, bure. Nani angekaa saa nzima na modemu inayolia kama paka aliyebanwa mlangoni, ashushe kivinjari kingine cha megabaiti zaidi ya 10? Ndiyo maana serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft Mei 1998.

Tuliotengeneza kurasa za tovuti enzi hizo tulikipata. Maneno niliyoyafanya yakonyeze kwa agizo la "blink" kwenye Netscape, kwenye Explorer yalitulia tuli. Yaliyotembea kwa agizo la "marquee" kwenye Explorer, kwenye Netscape yaliganda. Ukurasa mmoja, kazi mara mbili! (Na yote mawili yalikuwa yanaumiza macho tu.)

Halafu Netscape ilishaachia msimbo wake (maandishi yanayounda programu) wazi Machi 1998, kabla hata ya kesi. Humo ndimo ulimozaliwa mradi wa Mozilla, na kivinjari chake Firefox kikafuata 2004. Mbona hilo makala haina?